Masanduku Manne: Niliyojifunza Katika Uchaguzi wa Uganda wa Desemba 1980

Vijana wa Mwanza wanaopata nafasi ya kwenda kuangalia uchaguzi katika nchi zilizotoka vitani hupita nyumbani kwangu Kirumba kuniuliza habari, kwa kuwa wamesikia kwamba mwaka 1980 nilikuwa Uganda. Wengi huuliza juu ya siku ya kupiga kura: foleni, ulinzi, fujo. Huwaambia kwamba siku hiyo, pamoja na uchovu wake wote, ndiyo sehemu nyepesi. Uzito uko katika saa zinazoanzia pale sanduku linapofunguliwa hadi pale matokeo yanapotangazwa redioni, kwa sababu watu waliotoka vitani wamebakiwa na imani kidogo sana, na saa hizo chache zinatosha kuimaliza. Nimeona niyaandike mambo haya kwa utaratibu, ili hata asiyeweza kufika kwangu ayapate.

Nilijiunga na mgambo hapa Mwanza mwishoni mwa mwaka 1978. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia Kagera na kuvunja daraja la Kyaka, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akawa amelitangazia taifa kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Mwezi Februari 1979 majeshi yetu yaliingia Masaka, mji ambao ulibomolewa kwa mizinga kiasi kwamba hata mwaka uliofuata maduka mengi ya barabara kuu yalikuwa kuta tupu zisizo na mapaa. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili, na mwanzoni mwa Juni vita vikaisha. Mama yangu alikuwa hapa Mwanza wakati huo wote, na ndiye aliyenisimulia baadaye jinsi ndege ya Libya, nchi iliyokuwa upande wa Amin, iliyotumwa mwezi Machi kuupiga mji wetu ilivyoangusha mabomu yake kisiwani Saanane na kuua wanyama. Nayataja haya ili ieleweke kwamba hatukuwa Uganda kama watu wasiohusika. Tulikuwa upande mmoja wa vita, na mwaka mmoja na nusu baadaye tukajikuta tunalinda masanduku ya kura.

Katika mwaka huo na nusu serikali za Uganda zilikuwa zimepokezana upesi. Yusuf Lule alikaa madarakani siku 68. Godfrey Binaisa aliyemfuata aliondolewa Mei 1980 na Tume ya Kijeshi iliyoongozwa na Paulo Muwanga, na tarehe 27 ya mwezi huohuo Milton Obote, ambaye miaka mingi ya Amin aliishi Dar es Salaam, alirejea nchini kwake na kupokewa Bushenyi. Vyama vinne vikaingia uwanjani: UPC ya Obote, DP ya Paul Ssemogerere, UPM ya Yoweri Museveni na CP ya Mayanja Nkangi. Hapakuwa na kura ya urais. Wananchi walichagua wabunge katika majimbo 126, na chama chenye wabunge wengi ndicho ambacho kiongozi wake angekuwa Rais. Uchaguzi wa mwisho wa wabunge ulikuwa umefanyika Aprili 1962, kwa hiyo mtu mzima wa miaka 35, mwenye mke na watoto shuleni, alikuwa hajawahi kushika karatasi ya kura maishani mwake.

Sisi wenyewe tulidhani tunaujua uchaguzi. Tarehe 26 Oktoba mwaka huohuo Tanzania ilikuwa imechagua wabunge wake, na tulifuatilia matokeo kupitia Redio Tanzania, wagombea wawili katika kila jimbo, mmoja jembe na mwingine nyumba, wote wa chama kimoja. Aliyeshindwa kwetu alirudi shambani au dukani kwake, na maisha yakaendelea. Ilituchukua muda kuelewa kwamba tulikokuwa, aliyeshindwa aliamini kuwa anapoteza ulinzi wa maisha yake. Watu waliokuwa wamezika ndugu zao kwa sababu ya kabila au chama hawakuutazama uchaguzi kama mashindano. Walikuwa wanachagua ni nani atakayeshika bunduki. Mtu anayekwenda kufanya kazi hii akiwa na picha ya uchaguzi wa kwao kichwani ataona wenyeji wana hofu iliyopitiliza, na atawadharau. Asifanye hivyo, kwa maana hofu yao ina historia.

Jambo lililoniuma zaidi ni jinsi macho ya watu yalivyobadilika. Mwaka 1979 wanawake walitoka na vikapu vya matoke kutupokea, wakatuita Bakombozi, na wazee walitushika mikono wakilia. Kufikia mwisho wa 1980 watoto wadogo bado walitukimbilia, lakini wakubwa waliinamisha macho. Magendo yalikuwa yameshika kila kitu, sabuni, chumvi, sukari, na baadhi ya askari, wa kwetu na wa kwao, walikuwa wameingia humo. Usiku watu wenye sare walivamia nyumba, na aliyevamiwa hakuwa na namna ya kujua sare ile ni ya jeshi gani. Zaidi ya hayo Obote alikuwa amekaa kwetu kama mgeni wa Mwalimu, na katika sehemu za Buganda wengi walikuwa na hakika kwamba tumebaki ili kumrudisha Ikulu. Nilijaribu mara kadhaa kumweleza mzee mmoja wa Masaka kwamba mimi sina chama Uganda na kwamba natamani kurudi kwetu ziwani. Alinisikiliza kwa adabu, akanijibu, "Weewaawo ssebo," yaani sawa bwana, na nilijua hakuamini hata neno moja. Tangu siku hiyo niliacha kujieleza. Ukiwa na bunduki katika nchi ya mtu, maelezo yako hayana thamani, na badala ya kuomba uaminiwe ni afadhali uipange kazi kwa namna ambayo kila mtu anaweza kuikagua bila kulazimika kukuamini.

Lugha nayo ilikuwa mtihani. Kiswahili chetu, ambacho kwetu ni lugha ya nyumbani na ya sokoni, kwao kilikuwa sauti ya kambini na ya vizuizi vya barabarani, na mama aliyeulizwa swali la upole kwa Kiswahili alitetemeka kana kwamba anakamatwa. Katika kikosi chetu alikuwapo mwenzetu wa Bukoba ambaye kwa Kihaya chake aliweza kuelewana na wenyeji, naye akafanywa mkalimani wa kila jambo. Alisaidia sana, lakini alikuwa bado askari. Kituoni kwetu mawakala wa vyama walikubaliana kwamba mkalimani awe mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyejua lugha zote mbili, na hapo ndipo watu walipoanza kuuliza maswali yao kwa sauti. Ukifika mahali kama hapo, mkalimani atafutwe mapema, akubaliwe na vyama vyote mbele ya wote, na asiwe mtu mwenye sare wala mtu wa familia ya mgombea.

Niseme pia habari ya fedha, maana vijana huona haya kuiuliza. Posho zilichelewa, na fungu lililopaswa kumfikia mama yangu Mwanza lilipita mikono mingi kabla halijafika, tena likafika pungufu. Nyumbani hali ilikuwa ngumu. Mwalimu alikuwa ametuomba tufunge mikanda kwa miezi 18 baada ya vita, na foleni za sukari na unga zilikuwa ndefu. Kijana mwenye njaa ya nyumbani kichwani ni rahisi kushawishika. Zilikuja zawadi, mbuzi, pombe kali ya waragi, redio ndogo, na zote zililetwa na watu wenye tabasamu na mgombea wao. Aliyepokea mbuzi hakutakiwa kufanya lolote siku ile, alitakiwa tu kutokumbuka jambo fulani siku ya kuhesabu. Kabla hujaondoka, hakikisha familia yako ina chakula cha miezi ambayo malipo yanaweza kuchelewa, na uwe na fedha yako kidogo mfukoni. Hilo litakulinda kuliko hotuba zote za maadili utakazosomewa.

Mgogoro mkubwa kabla ya uchaguzi ulihusu masanduku. DP walitaka kituo kiwe na sanduku moja, mpiga kura atie alama kwenye karatasi na kuitumbukiza. UPC walitaka kila chama kiwe na sanduku lake. DP wakatishia kususa, lakini hatimaye wakakubali masanduku manne, na zikapatikana ahadi kadhaa, ambazo kubwa kwa maoni yangu ilikuwa kwamba kura zihesabiwe palepale vituoni. Watu wengi wakati ule waliliona jambo la masanduku kuwa ubishi wa wanasiasa. Mimi nililiona uzito wake nilipolitazama kwa karibu. Karatasi yenyewe haikubeba chaguo la mtu, chaguo lilikuwa katika sanduku alimoitumbukiza. Karatasi mbili za vyama viwili zikishachanganywa juu ya meza hakuna mtu duniani anayeweza kuzitenganisha tena, na hakuna mahakama inayoweza kuamuru zihesabiwe upya ikapata ukweli. Kwa hiyo endapo masanduku yale yangesafirishwa usiku kwenda wilayani kufunguliwa huko, kila kitu kingetegemea uaminifu wa dereva na msindikizaji wake, na msindikizaji alikuwa ni sisi.

Kwa mtu anayekwenda kuangalia uchaguzi popote, swali la kwanza la kujiuliza ni hilo: chaguo la mpiga kura limehifadhiwa wapi, na je, likichafuliwa linaweza kurejeshwa? Kama haliwezi kurejeshwa, basi mahali hapo ndipo macho yako yakae, hata kama ratiba uliyopewa inakutaka uzunguke vituo vingi ili taarifa ipendeze.

Mambo mengine yalikuwa yamekwisha kuharibika kabla ya siku yenyewe. Wabunge 17 wa UPC walipita bila kupingwa, na katika baadhi ya majimbo hayo wagombea wa upinzani walizuiwa kurudisha fomu. Upande wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa nchi, kulikuwa na mapigano mwezi Oktoba na watu wengi walikuwa wamekimbia. Jaji Mkuu wa nchi alibadilishwa mwaka huohuo. Kundi la waangalizi wa Jumuiya ya Madola, lililoongozwa na Ebenezer Debrah wa Ghana, lilifika likiwa na muda mfupi mno wa kuyachunguza yote hayo. Uchaguzi wa baada ya vita huanza siku ya uandikishaji, na anayefika wiki ya mwisho hukuta sehemu kubwa ya matokeo imekwisha kupangwa na nani ameandikishwa, nani ameruhusiwa kugombea na nani amelala porini.

Tarehe 10 Desemba ilikuwa Jumatano. Kituo chetu kilikuwa shule ya msingi katika wilaya ya Masaka, upande unaoteremkia ziwani, na watu walianza kupanga foleni gizani. Wanawake walivaa gomesi zao za sikukuu, wazee kanzu na koti. Jua likapanda na masanduku hayajafika. Katika sehemu nyingi za nchi, Kampala ikiwamo, ilikuwa hivyohivyo, vifaa vilichelewa kwa saa nyingi, mpaka ikabidi upigaji kura uendelee hadi tarehe 11. Hakuna aliyetoka kwenye foleni. Mama mmoja mjamzito aliketi juu ya kanga yake akasogea nayo mbele kila foleni iliposogea. Minong'ono ilianza kwamba vifaa vimezuiwa makusudi, na kadiri saa zilivyopita minong'ono ikageuka kuwa hakika. Mwalimu aliyekuwa msimamizi wa kituo alifanya jambo moja la busara sana: kila baada ya muda alitoka nje, akasimama juu ya kiti, akawaambia watu yale anayoyajua na yale asiyoyajua, na akataja ni nani amemtuma kwenda kuuliza na anarudi saa ngapi. Hakuahidi kitu. Watu walimsikiliza kwa sababu mara ya kwanza alisema mjumbe atarudi bila habari njema, na ikawa hivyo.

Masanduku yalipofika na kazi kuanza, foleni haikusogea vizuri. Tulikuwa tumesimama mlangoni, bunduki mabegani, tukiamini kwamba tunaleta usalama. Yule mwalimu alinijia, akanivuta pembeni kwa heshima, akaniambia, "Afande, naomba mwende kule chini ya mwembe. Mtatuona na sisi tutawaona. Lakini hapa mlangoni mtu anaingia akiwa na mawazo yenu, si yake." Sajenti wetu alisita, kwa kuwa amri ilisema tulinde masanduku. Kisha akakubali, tukasogea mpaka kwenye mwembe, umbali ambao mtu akipaza sauti tungesikia lakini asingeweza kuona nyuso zetu vizuri. Ndani ya muda mfupi foleni ikalegea. Watu wakaanza kuongea, hata kucheka. Kama una dhamana ya ulinzi wa kituo, pima umbali huo kabla ya siku yenyewe na uandikwe kwenye maagizo, ili askari wa zamu asilazimike kuchagua kati ya amri na busara.

Chumba cha kupigia kura kilikuwa darasa ambalo madirisha yake yalifunikwa kwa magunia. Masanduku manne yalipangwa juu ya madawati, na mtu aliingia peke yake. Tatizo lilijitokeza mapema: wengine, kwa woga au kwa kutojua, waliiacha karatasi imening'inia kwenye tundu la sanduku au imeanguka sakafuni. Mawakala wakakubaliana kwamba baada ya kila kundi la wapiga kura msimamizi aingie pamoja nao wote, wasukume karatasi zilizokwama na kuzitenga za sakafuni, na iandikwe. Lilikuwa jambo dogo lililochukua dakika chache, na lilizuia ugomvi ambao ungekuja usiku.

Kuhesabu kulifanyika usiku wa siku ya pili, kwa mwanga wa karabai. Karabai moja iliishiwa mafuta katikati ya sanduku la pili. Giza lilipoingia kila mtu mle ndani aliweka viganja vyake juu ya meza bila kuambiwa, na mwalimu akasema hakuna atakayegusa wala kutoka mpaka taa iwake. Mafuta yaliletwa kutoka kwa katekista wa jirani. Usiende kwenye kazi ya kuhesabu kura bila taa mbili, mafuta ya ziada na kiberiti kikavu. Waliopanga uchaguzi mjini hawakukaa katika giza lile, nami nilikaa, na siku zote nitasisitiza habari ya mafuta ya taa mbele ya mtu yeyote anayepanga bajeti ya uchaguzi.

Kila sanduku lilifunguliwa peke yake, likahesabiwa, likaandikwa, karatasi zake zikafungwa kwa kamba za mgomba na kuwekwa kando kabla la pili halijaguswa. Namba iliandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Hapakuwa na fomu za kutosha, kwa hiyo mwalimu alichana kurasa za daftari la shule, akaweka karatasi za kaboni, na kila wakala akatia sahihi kwenye kila nakala. Nakala moja ikabandikwa mlangoni. Wakala wa DP alikuwa mama wa makamo. Alipopewa nakala yake aliisoma mara mbili, midomo ikimcheza, akaikunja vidogo na kuiingiza ndani ya mshipi wa gomesi yake, kisha akaufunga upya. Wakala wa UPC, kijana aliyeshindwa vibaya katika kituo kile, naye alidai nakala yake kwa ukali uleule. Nilifurahi kuona hivyo, kwa sababu nakala iliyo mikononi mwa aliyeshindwa ina nguvu kuliko nakala kumi za aliyeshinda.

Wakati sisi tukihesabu, mjini Kampala wafuasi wa DP walikuwa wamekwisha kuanza kushangilia kutokana na habari zilizokuwa zikiletwa kutoka majimboni. Baadaye, tulipokwisha kubandika karatasi yetu, redio ikatangaza amri ya Muwanga: hakuna mtu yeyote mwenye ruhusa ya kutangaza matokeo isipokuwa yeye, na atakayekiuka atatozwa faini hadi shilingi 500,000 au kufungwa hadi miaka mitano, au vyote viwili. Tuliisikia amri hiyo kupitia redio ya sajenti. Hakuna aliyesema neno kwa muda. Siwezi kueleza vizuri hofu iliyoniingia wakati ule, ambayo haikuwa hofu ya kupigwa risasi, hiyo nilikwisha kuizoea. Nilijua kwamba watu wale waliosimama siku mbili juani wangeamka na kuona kazi yao imefungiwa ndani ya kabati ya mtu mmoja, na kwamba sisi tungekuwa ndio tunaolinda mlango wa kabati hiyo.

Asubuhi wazee walikuja shuleni kuuliza kama karatasi iliyobandikwa mlangoni sasa ni kosa la jinai. Mwalimu alifikiri, kisha akawajibu kwamba yeye hatangazi kitu, karatasi ilibandikwa kabla ya amri, na mwenye macho asome. Baada ya malalamiko, yakiwamo ya waangalizi, amri ililegezwa, lakini madhara yalikuwa yamekwisha kutokea. Hata jimbo ambalo namba zake zilikuwa safi lilitiliwa shaka. Matokeo yaliyotangazwa yaliipa UPC zaidi ya viti 70, DP ikapata karibu 50, UPM kimoja, na CP haikupata hata kimoja. Museveni mwenyewe alishindwa katika jimbo lake. Waangalizi wa Jumuiya ya Madola walisema kulikuwa na kasoro, lakini kwa jumla zoezi lilikuwa halali. Obote akaapishwa katikati ya Desemba. Kule kwetu, mahali ambapo mawakala wa pande mbili walikuwa na namba moja mikononi, hapakuwa na wa kubisha kuhusu kituo chetu. Walichobishia kilikuwa kila kitu kilichotokea baada ya karatasi kuondoka shuleni, na hapo hakuna mwananchi aliyekuwa na ushahidi wa kushika, wala serikali haikuwa na ushahidi wa kuwatuliza.

Tarehe 6 Februari 1981 Museveni na watu wake walishambulia kambi ya Kabamba, na vita vipya vikaanza, vilivyoiteketeza Luwero na kuisha tu walipoingia Kampala mwezi Januari 1986. Sisemi kwamba amri moja ya redio ndiyo iliyoanzisha vita hivyo, maana bunduki na chuki vilikuwapo tayari. Nasema kwamba aliyetaka kuingia msituni alipata sababu ambayo watu wengi waliielewa. Mwaka 1981 majeshi yetu yaliondoka. Tulipita tena Kyaka, na nilipofika Mwanza nilikaa muda mrefu nikikwepa kuzungumza juu ya Masaka, kwa sababu kila nilipoanza kusimulia watu walitaka habari za vita, nami kichwani nilikuwa na habari za kaboni na mafuta ya taa.

Mwaka 1995, Tanzania iliporudi kwenye uchaguzi wa vyama vingi, nilikuwa mmoja wa wasimamizi wa vituo hapa mjini. Siku ya tarehe 29 Oktoba vifaa vilichelewa Dar es Salaam kiasi kwamba uchaguzi wa majimbo yake ulifutwa na kurudiwa mwezi Novemba, na niliposikia nilikumbuka foleni ya Masaka nikahuzunika, kwa kuwa sisi tulikuwa na amani na muda, wala hatukuwa na kisingizio cha vita. Kituoni kwangu nilikwenda na taa mbili na karatasi za kaboni zilizonunuliwa kwa fedha yangu. Polisi wa zamu tulimpimia mahali pa kusimama, akaridhika. Mawakala niliwaambia asubuhi, kabla ya kura ya kwanza, kwamba hakuna atakayeondoka bila nakala yenye sahihi zote, na kwamba anayeona kosa aliandike palepale badala ya kulisimulia kesho.

Kwa kijana anayejiandaa kwenda sasa, barua ya uteuzi ikikufikia usiishie kuuliza posho na hoteli. Uliza kura zitahesabiwa wapi, nani atapewa nakala, na ni nani mwenye mamlaka ya kutangaza, kwa muda gani na kwa sheria iliyopitishwa lini. Uliza pia itakuwaje namba ya kituo ikitofautiana na namba iliyosomwa redioni, je, kuna mahakama itakayopokea karatasi ya kituo kama ushahidi, na jaji wake aliteuliwa lini. Majibu yaandikwe na yawekwe katika taarifa ya kwanza ya msafara wenu kabla kura moja haijapigwa, kwa sababu taarifa inayotaja tatizo la utangazaji baada ya mshindi kujulikana husomwa kama kilio cha upande ulioshindwa. Na kama muda wenu ni mfupi na ni lazima mchague, acheni kuzunguka asubuhi, lalani mchana, muwe macho usiku wa kuhesabu katika kituo kimoja mpaka karatasi ya mwisho itiwe sahihi, kisha mwifuate karatasi hiyo hadi inakojumlishwa.